Sufuria ya Bi Mwantumu

Kornelia aliuchukia mji wa Moshi kwa uaminifu, kama mtu anayetimiza nadhiri. Kila jioni mumewe, Filemon, aliporudi kutoka soko la Kiboriloni na vumbi la mitumba mabegani, alimkuta mkewe ana jambo jipya la kulalamikia. Leo joto. Kesho mbu. Keshokutwa ndizi, ambazo huku chini ziliuzwa kwa kichana kana kwamba ni dawa. Mwanamke aliyezaliwa Kibosho, juu mlimani, na kuolewa Kibosho, ambaye tangu apate akili alikata mkungu nyuma ya nyumba bila kumwomba mtu, sasa alisimama sokoni akibishana na mgeni juu ya ndizi tatu za mshare. Hilo, alisema, ni tusi ambalo hata marehemu baba yake huko aliko amelisikia.

Kuja kwenyewe hakukuwa kwa hiari. Filemon alikuwa mtoto wa kati. Kwa desturi ya mlimani mtoto wa kwanza hukatiwa shamba lake, kitindamimba hurithi nyumba ya baba na kihamba, lile shamba la migomba linaloizunguka, na wa kati hupewa baraka. Baraka haioti kahawa. Na hata ingeota, bei ya kahawa miaka ile ilikuwa imeshuka mpaka watu wazima na akili zao wakawa wanang'oa mibuni na kupanda nyanya. Kwa hiyo ruksa ya kuingiza bidhaa ilipotoka na marobota ya mitumba yakaanza kumiminika, Filemon alifunga vyombo, akamchukua mkewe na binti yao Hilda, akashuka nao mpaka Majengo, kwenye chumba kimoja na ukumbi katika nyumba ya Bi Mwantumu.

Kornelia alishuka kwa sharti moja: kwamba hakai. "Msimu wa kahawa ukifika narudi," alisema. Msimu ulifika, ukapita. Ukafika mwingine. Akamzaa Denis hapo hapo mjini, na bado alikuwa hakai.

Ukweli, ambao asingeukiri hata kwa padri, ni kwamba mji ulimpendeza, na ulimpendeza sana. Maji yalitoka bombani uani, naye alikuwa ameyafuata mferejini tangu utoto wake. Siku ya kwanza alifungua koki na kuifunga, akaifungua na kuifunga, mpaka mtu akamuuliza kama imeharibika. Hapakuwa na ng'ombe wa kukatiwa majani, wala mama mkwe wa kutazama mzigo wa majani na kuguna. Mtaani walikuwapo Wapare, Wasambaa, Warangi, Wasomali wenye bucha, Wahindi wenye maghala, na Singasinga mmoja wa gereji aliyeongea Kimachame kuwashinda vijana wa Machame. Katika wote hao hakuna aliyejua yeye ni wa ukoo gani, wala babu yake aligombana na nani. Mtu huweza kulewa kwa raha ya namna hiyo. Kornelia alilewa, kisha akaona aibu, kisha akalalamika juu ya mbu.

Na juu ya yote alikuwapo Bi Mwantumu mwenyewe. Mjane wa mtu wa reli, mwenyeji wa Pangani, mnene, mcheshi, aliyeletwa Moshi na kazi ya mumewe akiwa mke mbichi, na hakurudi tena. Ndiye aliyemfundisha Kornelia kukuna nazi na kulitenga tui la kwanza na la pili. Ndiye aliyemwita "mwanangu". Mama mzazi wa Kornelia alimwita kwa kupaza sauti tu, kutoka shambani. Kwa hiyo Bi Mwantumu alipoita "mwanangu", Kornelia alikuwa na tabia ya kujifanya hakusikia, ili aitwe mara ya pili.

Basi ikafika siku ya ubatizo wa Denis. Sirili, kaka yake Filemon, alituma salamu kwamba atashuka Jumapili na nyama, watu wa nyumbani wajiandae na vyombo. Kornelia alikuwa na vyombo vya familia ya watu wanne wasiokaa. Wiki ile ile Bi Mwantumu alikuwa na safari ya Korogwe, kwenye harusi ya mpwa wake, na kabla ya kuondoka alimkabidhi Kornelia ufunguo wa stoo.

"Sufuria kubwa imo humo, mwanangu. Ile ya maulidi. Wapikie wageni wako."

Hakuuliza watapikiwa nini. Mtu haulizi.

Hapa ni lazima isemwe waziwazi kwamba Kornelia alijua. Kwamba Waislamu hawali nguruwe alijua tangu darasa la pili. Lakini aliyekatazwa ni mtu, na sufuria haikuwa Mwislamu. Kule kwao chombo huazimwa nyumba hata nyumba, na aliyeazima ana wajibu wa mambo mawili tu: akirudishe kikiwa safi, na asikirudishe kitupu. Hayo mawili Kornelia alikusudia kuyatimiza kuliko mtu yeyote aliyewahi kuazima chombo katika mkoa wa Kilimanjaro.

Sirili alikuja na nusu nguruwe. Wageni walikula, wakashiba, wakaimba, wakarudi mlimani. Kesho yake Kornelia aliisugua sufuria kwa majivu na mchanga, ndani na nje, mpaka mtu angeweza kujitazama humo akachokonoa meno. Akapanga ndani yake vichana vya mshare, vile vizuri kuliko vyote alivyoleta Sirili, akasubiri.

Bi Mwantumu aliporudi aliipokea kwa mikono miwili, akaigeuza upande huu na upande huu.

"Mashaallah! Tangu niinunue haijang'aa hivi. Na ndizi juu yake! Wageni uliwapikia nini, mwanangu?"

Njia ya mwongo ni fupi, na Kornelia alilelewa na masista. "Nguruwe," alisema, kwa sauti ya mtu aliyeulizwa saa.

Bi Mwantumu hakupiga kelele. Aliiweka sufuria chini taratibu, na ndizi zake ndani, akatazama viganja vyake, akaingia chumbani na kufunga mlango. Kornelia alisimama pale uani akingoja atoke waendelee na mazungumzo. Alingoja sana kabla ya kuelewa kwamba mlango ule umefungwa kwa ajili yake.

Asubuhi iliyofuata alimkuta bombani. "Shikamoo, Bi Mwantumu."

Bi Mwantumu alijaza ndoo yake, akaondoka.

Ambaye hajawahi kuinyima shikamoo marahaba yake hajui uzito wa jambo hilo, na aliyenyimwa halisahau. Shikamoo ilibaki pale uani, haina mwenyewe. Kornelia aliirudia mchana, akairudia jioni. Kimya kingi kina mshindo mkuu, wahenga walisema, na wahenga hawakuwa wamepanga nyumba yenye bomba moja, jiko moja na choo kimoja, ambamo kimya cha mtu mmoja kinawatosha wote.

Akaona atafute wa kumsemea. Chumba cha mbele alikaa Eliamini, fundi cherehani, Mpare, mtu wa maneno machache.

"Fundi," Kornelia alimwambia, "wewe ni Mkristo mwenzangu. Nenda ukamweleze yule mama kwamba nguruwe ni nyama kama nyama nyingine."

Eliamini alitoa pini mdomoni. "Mama Hilda, mimi ni Msabato."

"Ndiyo. Mkristo."

"Na sisi hatuli."

Kornelia alikuwa amekaa nyumba moja na mtu huyu miaka miwili. "Na siku ya ubatizo?"

"Siku ile nilishonea sokoni mpaka jioni," alisema Eliamini, akarudisha pini mdomoni.

Filemon aliposikia habari yote alikuna kichwa. Hakuwa mtu mbaya, ila alifikiri kwa akili ya mfanyabiashara, na mfanyabiashara mzigo usipotoka huuhamishia gulio lingine. "Basi rudi nyumbani kwanza," alisema. "Wewe na watoto. Jumamosi Sirili anashusha ndizi sokoni, pikapu litapanda tupu. Yule mama akishapoa nitakuita."

"Na asipopoa?"

"Mama Hilda, si ndicho unachotaka? Miaka miwili unaniambia hukai."

Kornelia alifungua mdomo aseme ndiyo. Haikutoka. Miaka miwili alikuwa ameomba aambiwe arudi, na sasa ameambiwa, akajisikia kama mtu aliyeletewa habari ya msiba. Alitoka uani, akainama juu ya jiko, akalia. Hilda alipomuuliza ana nini, akasema ni moshi wa mkaa. Mkaa wenyewe ulikuwa haujawashwa.

Hata hivyo hakuwa mtu wa kukaa na kulia. Njia ya kutoka katika kosa aliijua, maana kwao ipo moja. Alhamisi alipanda Kibosho mpaka kwenye kihamba cha wakwe zake, akaenda moja kwa moja mpakani, ambako masale yamesimama kwa mstari, yale majani marefu ya kijani ambayo kila mlima una yake na ya Kilimanjaro yana kazi. Yanaonyesha mpaka wa shamba. Yanalinda kaburi. Na mtu akimkosea mwenzake, hulikunja jani la sale fundo, likapelekwa kwa aliyekosewa, naye akishaletewa hana hiari: husamehe. Walikuwapo ndugu walioshtakiana ardhi mpaka wakauza ng'ombe kulipa mawakili, na kesi ikamalizwa na jani moja.

Mama mkwe wake, Theodora, alimkuta akichagua. "Umemkosea nani?"

"Mwenye nyumba wetu."

"Kosa gani?"

"Sufuria."

"Sufuria!" Theodora aliguna, akalikata yeye mwenyewe jani lililo bora kuliko yote, lisilo na doa. "Chukua. Sale halikataliwi. Anayelikataa hamalizi mwaka salama."

Hakuuliza mwenye nyumba ni mtu wa wapi. Kule juu swali hilo halina maana. Kila mtu anajua jirani yake ni mtu wa wapi: ni wa hapo.

Desturi inataka sale lipelekwe na mshenga. Kornelia alimwendea Eliamini tena. Eliamini alisema ana suruali za watu za kumaliza kabla jua la Ijumaa halijazama, na hapo alisema kweli, Sabato haisubiri. Basi Ijumaa asubuhi Kornelia alilifunga fundo mwenyewe, na kwa kuwa mlango wa Bi Mwantumu ulikuwa umefungwa, akaliweka kizingitini, akaenda kusimama kando ya bomba kungoja amani.

Bi Mwantumu alifungua mlango akiwa na kanga yake na ndoo yake. Akatazama chini. Jani bichi, refu, limefungwa fundo, limelazwa mlangoni kwa mjane, siku ya Ijumaa.

"Ya Rabi!" alipiga ukelele ambao ulifika hadi buchani. "Nimetegwa! Nimetegwa mimi, na umri wangu!"

Majirani walijaa uani. Eliamini alitoka na futi yake shingoni. Kila mmoja alikuwa na maoni. Mwanamke wa Kisambaa wa nyumba ya pili alisema kwao jani kama hilo ni la kufunga uzazi; aliposhauriwa autazame umri wa Bi Mwantumu, akasema basi ni la kufunga riziki. Bi Mwantumu hakungoja wamalize. Alichukua koleo, akalikamata jani kwa mbali kama mtu anayemwondoa nge, akalitupa jikoni juu ya makaa, akalinyunyizia ubani.

Jani lilikuwa bichi na halikuungua upesi. Lilitoa povu, likalia, likajikunja. Kornelia alisimama akitazama radhi yake inavyookwa mwanzo hadi mwisho. Kule mlimani alishasimuliwa habari za sale kupokewa, na mara moja moja, kwa kunong'ona, habari za sale kukataliwa. Za kuchomwa na kufukizwa ubani hakusimuliwa na mtu.

Watu wakatawanyika. Sasa Kornelia alikuwa na hofu mbili. Ya kwanza ni kwamba kesho atapandishwa kwenye pikapu. Ya pili ni kwamba Bi Mwantumu hatamaliza mwaka. Alizipima, akashangaa kuona ile ya pili ndiyo nzito. Kibosho angeishi, watu wanaishi. Lakini yule mama akipatwa na jambo, yeye Kornelia hakujua angejiweka wapi. Akajifunga kanga vizuri, akaenda kubisha hodi.

"Bi Mwantumu, shikamoo. Lile jani lilikuwa langu."

Mlango ulifunguka nusu. "Najua ni lako. Nani mwingine humu ana majani?"

"Si uchawi. Ni la kuomba radhi. Kwetu ukimkosea mtu unampelekea, na yeye hakatai. Sasa wewe umelichoma, na mwenye kulikataa hupatwa na mabaya. Nimekuja kukuambia ujihadhari."

"Umekuja kuniomba radhi au kunitisha?"

Kornelia alifikiri. "Yote mawili."

Pembe ya mdomo wa Bi Mwantumu ilitikisika kidogo, akairudisha mahali pake. "Ingia," alisema. "Fundi anatusikiliza." Mbele ya nyumba cherehani, iliyokuwa imenyamaza, ikaanza kulia kwa nguvu.

Walikaa mkekani. Bi Mwantumu alikunja miguu.

"Kwenu mtu akiletewa jani lazima asamehe?"

"Lazima."

"Hata moyo ukikataa?"

"Moyo hauulizwi."

"Basi hiyo ni hukumu ya hakimu, Mama Hilda." Alisema Mama Hilda, hakusema mwanangu, na Kornelia aliisikia tofauti hiyo. "Sikiliza. Sufuria nimeiosha mara saba, moja kwa udongo, kama tulivyofunzwa. Imetwaharika, maulidi nitaipikia. Sufuria haina neno. Lakini wewe umekaa kwangu miaka miwili. Umenisikia nikisali. Mwezi wa Ramadhani umekula futari kwenye mkeka huu huu. Kisha ukachukua chombo changu, ukafikiri, ukaona ni sawa tu. Hilo ndilo linaloniuma. Hilo udongo haulitoi."

Kornelia alitazama mkeka. Alikuwa amewaza juu ya sufuria, juu ya mchanga na majivu na ndizi. Juu ya huyu mtu hakuwaza hata kidogo, na sasa alipomwaza, uso ulimwaka.

"Na mpaka sasa," Bi Mwantumu aliendelea, "ndizi zimesema, jani limesema. Wewe sijakusikia."

Ndipo Kornelia alipogundua jambo la ajabu: kwamba yeye, mama wa watoto wawili, neno lile hajawahi kulitamka kwa mtu. Kwa Mungu, ndiyo, kila Jumapili, pamoja na kanisa zima. Kwa mtu, kule mlimani hulisema jani, na wewe husimama nyuma yake. Alilitafuta neno, akalipata, akaona ni zito kuliko mzigo wa majani ya ng'ombe.

"Nisamehe," alisema. "Nilijua huli. Nilijua, nikajiambia sufuria haijui. Nilikufanyia vibaya. Nisamehe, Bi Mwantumu. Na Kibosho sitaki kurudi."

Hilo la mwisho halikuwa limeitwa. Lilitoka lenyewe, na lilipokwisha kutoka wote wawili walilitazama kama mgeni aliyeingia bila hodi.

Bi Mwantumu aliunyosha upindo wa mkeka. "Nimekusikia," alisema.

Kornelia alingoja. Kwao, kufikia hapo, mbege, pombe ya ndizi, ingekuwa inamiminwa. "Umesikia, umesamehe?"

"Nimesikia. Ningeweza kukwambia nimekusamehe, tukanywa chai, tukacheka, nami nikabaki na donge langu kifuani. Lakini wewe nilikuuliza umepika nini, ukaniambia. Na mimi nakuambia: bado."

"Mpaka lini?"

"Nitajuaje? Si uji, useme unachemka saa hii. Msamaha utakapokuja utakuja. Shikamoo yako nitaiitikia, hiyo ni haki yako. Msamaha ni haki yangu mimi."

Kornelia aliinuka. Mlangoni akageuka. "Shikamoo, Bi Mwantumu."

"Marahaba," alisema Bi Mwantumu. Haikuwa marahaba ya furaha, lakini ilikuwa marahaba.

Jumamosi mchana pikapu la Sirili lilisimama mbele ya nyumba, lina majani makavu ya migomba nyuma. Filemon alipakia godoro, akapakia beseni la nguo za watoto, akamtafuta mkewe. Alimkuta uani amekaa kwenye kigoda, Denis mgongoni, anakuna nazi.

"Pikapu limefika."

"Nimelisikia. Lishushe godoro."

Filemon alitazama mlango wa Bi Mwantumu. Akashusha sauti. "Amekusamehe?"

"Bado."

"Basi panda. Si ndiyo maana unakwenda?"

"Ndiyo maana siendi. Akinisamehe asubuhi moja, na mimi niko Kibosho, atamwambia nani? Fundi?"

Sirili akapiga honi. Filemon alisimama katikati ya ua, mikono kiunoni, akiitafuta hesabu ya jambo hilo na kutoipata. "Mama Hilda, na kama hasamehi kabisa? Kama ndiyo hivyo mpaka mwisho?"

Furaha ilimpanda Kornelia kwa ghafla, kubwa, isiyo na haya, ikabidi akunje uso ili mumewe asiione.

"Basi tutazeekea hapa hapa," alisema.

Filemon alimtazama kidogo, kisha akaenda kumwambia kaka yake azime gari.